Gereji yenye unyevu iwe karakana kavu: sakafu, ukuta, paa na hewa, uanze na kipi?

Meza ya kwanza niliyouza mbali ilipasuka Moroto, kule Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Ilikuwa ya mahogani, upana wa mita moja, nimeiunga Jinja mwezi wa Aprili ndani ya gereji iliyo nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga. Mbao zilikuwa zimekaa humo miezi minne, nikaamini zimekauka. Kumbe zilikuwa zimezoea tu hewa ya gereji. Januari iliyofuata mteja akanipigia simu: "Fundi, meza yako imefunguka katikati." Nilisafiri kwenda kuiona, nikaingiza penseli kwenye ufa ikapita hadi upande wa pili. Nilimrudishia pesa yake yote.

Ubao hufuata hewa iliyouzunguka. Pale unyevu wa hewa unapokaa kwenye asilimia 80, ubao hutulia ukiwa na maji kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 50, kama ilivyo Karamoja wakati wa kiangazi au hata kavu zaidi, ubao nao hushuka hadi karibu asilimia 9. Kwa mahogani yenye upana wa mita moja, tofauti hiyo ni kusinyaa kwa sentimita moja na zaidi. Hakuna gundi inayoweza kuishikilia sentimita hiyo. Vyuma navyo vinaumia: hewa ikivuka asilimia 60, kutu hupata kasi, na patasi uliyoinoa Jumamosi unaikuta Jumatatu ina madoa ya kahawia.

Tangu meza ile nimegeuza gereji mbili kuwa karakana kavu, yangu ya sasa hapa Jinja na ya shemeji yangu Entebbe, kisha nikasaidia ya tatu Kabale. Kila mara kuna njia kadhaa, na kila fundi unayemwita anakuuzia ile anayoijua yeye. Hapa nazipanga zote kwa gereji ya aina moja ili uone tofauti: mita 3 kwa 6, kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati yasiyo na dari, na sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya udongo bila nailoni chini yake. Gereji nyingi za nyumba za zamani mjini Jinja ndivyo zilivyo.

Kabla ya kununua chochote, ulize maji yanatoka wapi

Kata kipande cha nailoni cha sentimita 60 kwa 60, kilaze sakafuni, ziba kingo zote nne kwa selotepu pana, ukiache usiku na mchana. Ukikifunua ukaona matone upande wa chini, au zege limegeuka jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa upande wa juu, maji yanatoka hewani. Fanya vivyo hivyo ukutani. Kisha amka alfajiri, saa kumi na mbili hivi, upige tochi chini ya mabati. Kama yamelowa na usiku haikunyesha, huo ni umande, wala bati halijatoboka.

Kipimo hiki ni cha bei ya chai, na ndicho kinachoamua mengine yote. Shemeji yangu alikuwa tayari amelipia ndoo mbili za rangi ya kuzuia maji sakafuni. Nailoni ilipofunuliwa, chini palikuwa pakavu kabisa. Maji yake yalikuwa yanatoka paani na hewani, kwa hiyo rangi ile isingemsaidia kitu.

Jambo la pili la kuangalia ni nje. Paa la mita za mraba 18 likipata mvua ya milimita 30, mvua ya alasiri moja tu kwetu, linamwaga lita 540. Kama hakuna gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, lita hizo zote zinaanguka kwenye mguu wa ukuta, na matofali ya kuchoma yanazinywa. Jinja na Entebbe hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo hesabu wewe mwenyewe ukuta wako unanyweshwa lita ngapi.

Nje: gata na mtaro, au rangi na plasta ndani?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya ndani ni plasta ya simenti iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, au lami, au rangi maalumu. Uzuri wake ni kwamba inamalizika kwa siku mbili na ukuta unapendeza. Ubaya wake ni kwamba maji hayajaondoka. Yamezuiwa kutokea upande wako, basi yanapanda juu zaidi. Nimeona ukuta uliopigwa plasta ya namna hiyo hadi kiunoni, na mwaka mmoja baadaye chumvi nyeupe imechomoza kifuani. Mzee mmoja mwashi wa Walukuba aliniambia nilipokuwa nachanganya dawa ile: "Kijana, usiyafungie maji mlango kabla hujayaonyesha njia." Nilimsikiliza nikiwa nimeshatumia mifuko miwili.

Njia ya nje ni gata, kibaraza chembamba cha zege cha sentimita 60 hadi 90 kuzunguka ukuta, kikiinamia nje, na mtaro unaopeleka maji mbali. Pia unapunguza udongo uliorundikana ukutani mpaka uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Kazi hii ni ya jembe na sururu zaidi kuliko ya dukani, na haipendezi machoni. Lakini ndiyo iliyokausha gereji yangu kwa kiasi kikubwa kabla sijagusa ndani.

Mtaro wenyewe una aina mbili. Wa kuzikwa una bomba la inchi 4 lenye matundu, limefunikwa kokoto. Wa wazi ni mfereji wa zege. Vitabu vya ujenzi vinasifu wa kuzikwa, na mahali penye nafasi finyu una faida zake. Mimi nachagua wa wazi. Mvua zetu zinabeba udongo mwekundu, majani ya mwembe na mifuko ya plastiki, na bomba lililozibwa chini ya ardhi hutalijua mpaka ukuta ulowe tena. Wa wazi unauona, unafagia. Upe mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita, na usichimbe ukapita chini ya kitako cha msingi.

Nje ikishapona, ukuta unahitaji muda. Waashi wa zamani walihesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo ukuta wa inchi 9 unaweza kuchukua miezi tisa. Bandua plasta iliyooza na yenye chumvi hadi nusu mita juu ya alama ya maji, uache matofali wazi yapumue. Ukija kupiga plasta tena, chokaa ni bora kuliko simenti tupu kwa ukuta wa namna hii, maana huruhusu unyevu uliobaki utoke. Chokaa cha Kasese kinapatikana, ila uwe na mwashi mwenye subira.

Sakafu: njia nne

Rangi ya epoksi juu ya zege lililopo ndiyo nafuu. Inafaa endapo tu nailoni yako ilitoka kavu chini. Kama maji yanapanda, epoksi itafura malengelenge na kubanduka, na utakuwa umelipia mara mbili. Ikifaa, inafaa sana: vumbi la zege linaisha na kufagia kunakuwa rahisi.

Njia ya pili ni kutandika nailoni ya geji 1000 juu ya sakafu ya zamani, kisha kumwaga zege jipya la sentimita 7.5. Kwa gereji yetu hilo ni mita za ujazo 1.35, yaani simenti mifuko kama tisa ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne: simenti, mchanga, kokoto. Vipande vya nailoni vipandane sentimita 30, na kingo zipande ukutani mpaka juu ya sakafu mpya, la sivyo maji yatapitia pembeni. Fagia kokoto zote kwanza, hata ndogo, kwa sababu moja tu ikitoboa nailoni itakutesa miaka. Sakafu itainuka, kwa hiyo angalia urefu wa mlango. Kwa gereji nyingi kuinuka huko ni neema, kwa sababu zilijengwa sawa na ardhi ili gari liingie, na maji nayo yakapata njia hiyo hiyo. Hii ndiyo niliyofanya Jinja, na ndiyo ningemshauri mtu mwenye sakafu nzima lakini inayopitisha unyevu.

Ya tatu ni sakafu ya mbao juu ya nailoni. Miguu na magoti yanaipenda, na patasi ikianguka haivunjiki ncha. Mafundi wa nchi za baridi wanaisifu mno. Kwetu kuna mchwa. Chini ya mbao pana giza, joto na unga wa mbao unaodondoka kwenye nyufa, na mchwa hauombi zaidi ya hapo. Panya nao wanakuja. Ukiitaka lazima mbao zote ziwe zimetiwa dawa kiwandani, na uache sehemu unazoweza kufunua uchungulie. Mimi nimeweka jukwaa dogo la mbao mbele ya meza ya kazi tu, naliinua kila mwezi.

Ya nne ni kuvunja yote: mawe ya sentimita 15 yashindiliwe, marram (udongo wa changarawe) juu yake, dawa ya mchwa, nailoni, wavu wa chuma wa BRC, halafu zege la sentimita 10. Zege peke yake ni mita za ujazo 1.8, mifuko kama 12, na bado hujalipa mawe wala vijana wa kuvunja. Ni sahihi kama sakafu imepasuka na kuzama, au kama unaweka mashine nzito. Kama haijapasuka, ni pesa ambayo paa lingeitumia vizuri zaidi.

Kwa njia ya pili na ya nne kumbuka jambo moja. Zege jipya lenyewe ni maji. Hukauka kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, na likizidi unene wa milimita 50 mwendo unapungua. Usiingize mbao za thamani wiki mbili baada ya kumwaga ukadhani kazi imekwisha.

Paa: hapa ndipo joto na umande vinapokutana

Watu wakisikia kuweka kizuizi cha joto wanafikiria nchi zenye theluji, wanasema sisi hatuna baridi. Jinja, Kampala na Entebbe ni kweli hatuna baridi ya kusema. Tuna bati. Mchana linakuwa jiko juu ya kichwa. Usiku wa mbingu wazi linapoteza joto haraka na kuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80 inahitaji kupoa nyuzi nne tu ili idondoshe maji. Bati linafika hapo bila shida, na matone yanaangukia mashine yako ya randa. Kizuizi kinazuia yote mawili.

Karatasi ya fedha, ile ya alumini inayong'aa, ndiyo nyepesi na rahisi kufunga. Inarudisha joto la jua, lakini kwa sharti la nafasi ya hewa ya sentimita mbili na nusu kati yake na bati. Mafundi wengi huibana moja kwa moja kwenye bati, na hapo inakuwa bati la pili tu. Kelele za mvua haipunguzi sana.

Pamba ya kioo juu ya dari inazuia joto na kelele. Mvua kubwa ya Aprili chini ya bati tupu hukusikii hata ukipiga kelele, kwa hiyo kama unafundisha vijana au unapokea wateja ndani, hii ina thamani yake. Haishiki moto. Ila ikilowa inakuwa mzigo usio na faida, na wakati wa kuifunga vaa barakoa, glavu na mikono mirefu. Ziba kila tundu la bati kwanza.

Stairofomu nyeupe haipendi kunywa maji na unene wa sentimita tano unatosha kabisa kwa hali yetu. Lakini inawaka, na moshi wake ni sumu. Katika karakana yenye unga wa mbao na cheche za gurudumu la kunolea, siiweki bila kuifunika kabisa kwa bodi ngumu upande wa chini. Ukichomelea vyuma humo, achana nayo.

Mikeka ya mafunjo ni ya kwetu, ni rahisi na inapendeza kuliko zote. Nimekulia chini ya dari ya mafunjo. Kwa sebule yenye hewa kavu ningeiweka leo. Kwa karakana inashika ukungu, inashika vumbi na inashika moto, kwa hiyo inasikitisha lakini hapana.

Chaguo langu: karatasi ya fedha yenye nafasi yake, na chini yake dari ya plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote. Jipsamu ni laini zaidi machoni, ila bati likivuja mara moja tu inavimba na kuanguka.

Na hili ni la usalama. Gereji za zamani nyingine zimeezekwa karatasi nzito za kijivu za asibesto badala ya bati. Usizikate, usizitoboe, usizipige msasa. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta ugonjwa miaka mingi baadaye, saratani ikiwemo. Zikiwa nzima ziache, funga dari chini yake bila kuzigusa, na ukitaka kuziondoa tafuta wenye ujuzi wa kazi hiyo.

Kuta zipewe kizuizi pia?

Jinja, Kampala, Entebbe: hapana. Ukuta wa inchi 9 unatosha. Panda kivuli upande wa magharibi, hata mgomba unasaidia, na pesa ipeleke paani. Gulu, Arua na Moroto ni vilevile, pale adui ni jua la Desemba hadi Februari.

Kabale ni habari nyingine. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni baridi ya kweli. Ukuta unapoa, watu wawili wakifanya kazi ndani na birika la chai likichemka, pumzi yao inageuka maji ukutani. Kule tulisimamisha fito za mbao zilizotiwa dawa, tukajaza pamba ya kioo, tukaweka nailoni upande wa ndani, kisha plaiwudi. Lakini tulisubiri matofali yakauke kwanza. Ukifunika ukuta uliolowa, umetengeneza shamba la ukungu mahali usipoona.

Hewa: madirisha au mashine?

Mashine ya kukausha hewa inafanya kazi yake bila ubishi, na haijali mvua. Inakula umeme. Ya wati 300 ikiwaka usiku na mchana inamaliza yuniti 7.2 kwa siku, yaani 216 kwa mwezi. Zidisha kwa bei yako ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Umeme ukikatika, na unakatika, nayo imelala. Inaleta maana kwa chumba kidogo kilichozibwa vizuri chenye mbao za kinanda, gitaa au kabati za bei kubwa. Kwa gereji yenye mlango wa mabati usiofunga sawasawa, unajaribu kukausha hewa ya Uganda nzima.

Matundu ya hewa juu na chini, pande mbili zinazotazamana, hayana bili. Siri yake ni saa. Alfajiri hewa ya nje imejaa maji kuliko ya ndani, kwa hiyo ukifungua saa moja asubuhi unakaribisha unyevu. Fungua kuanzia saa nne jua likishapanda, funga saa kumi na moja jioni. Siku ya mvua usifungue kabisa. Nunua kipima unyevu cha hewa, kile kidogo cha kutundika ukutani, kitakufundisha tabia ya chumba chako kwa wiki moja.

Kwa vyombo vya chuma kuna njia ya wazee: kabati lililofungwa lenye balbu ya zamani ya nyuzi ndani. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha hadi nyuzi 24, unyevu unashuka hadi asilimia 63 hivi, bila kutoa hata tone. Balbu za LED hazipashi, hazifai kwa kazi hii. Iweke mbali na mbao na matambara, na uizungushie wavu.

Ukiwa mpangaji

Usivunje wala usimwage zege kwenye nyumba ya mtu. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya gata na mtaro, wengi hukubali kwa sababu ukuta ni wao. Ndani tandika nailoni, weka palati juu yake, panga mbao zikiwa sentimita 30 kutoka sakafuni na kiganja kizima kutoka ukutani, kila ubao ukitenganishwa na vijiti. Dari nyepesi unaweza kuifunga kwa skrubu na kuondoka nayo.

Ukiwa mwenye nyumba na mfuko wako ni wa kazi moja kwa mwaka, mwaka wa kwanza ni nje, wa pili ni paa, wa tatu ni sakafu. Najua mkono unawasha kuanza na sakafu kwa sababu ndiyo unayoikanyaga. Mimi nilichimba mtaro Desemba, nikafunga gata Januari, nikaacha kuta zikiwa tupu na jirani wakiniuliza kama fedha zimeniishia. Mvua za Machi hadi Mei zikaja. Juni nililaza tena kile kipande cha nailoni palepale, katikati, na kingine kwenye kona iliyokuwa mbaya kuliko zote. Cha katikati kilitoka kikavu. Cha kwenye kona kilikuwa na matone upande wa chini, machache, ndipo nilipojua kwamba sakafu yangu kweli inahitaji nailoni na zege jipya, na nikaenda kununua mifuko tisa ya simenti.